Waya wa Nguo wa Marehemu Abednego Kajiru

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo wa Kajiru, ndugu zetu mliopanda mlima kutoka Same, Makanya, Kighare na Tanga, wakubwa wote shikamooni, Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam alaykum. Mimi ni Leticia Kajiru, kitinda mimba wa Mzee Eliesikia, muuguzi mstaafu, na nimetumwa na familia nisome historia ya kaka yangu kabla hatujamshusha. Wapo walionishauri jana nisome kwa kifupi na nisiiguse redio, maana eti redio ilileta maneno katika ukoo, lakini historia ya Abednego bila redio ni makande bila maharage, mtabaki mnatafuna mahindi matupu, kwa hiyo nitaisoma yote, na wa kukasirika akasirike akiwa amekaa, viti vipo.

Marehemu Abednego Eliesikia Kajiru alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Mhezi, katika nyumba iliyokuwa pale palipo na migomba sasa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Eliesikia Kajiru na Bi Nakiete, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Alibatizwa tarehe 9 Juni mwaka huohuo katika usharika wetu huu. Kutoka ua huu, hewa ikiwa safi, unaiona tambarare ya Makanya hadi reli inapopinda, na mama alitusimulia kwamba Abednego akiwa mdogo alikuwa anaacha mbuzi waingie shambani mwa watu kwa sababu ya kutazama treni, maana aliuona mvuke wa honi ukitoka kwanza, kisha akangoja, na sauti yenyewe ikamfikia huku juu mvuke ukiwa umekwisha kupotea. Aliadhibiwa kwa ajili ya mbuzi wale zaidi ya watoto wote wa nyumba hii, na hakuacha.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi hapa Mhezi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya ufundi mjini Moshi kuanzia 1972 hadi 1975, akafaulu vizuri katika umeme, na mwaka 1977 alikwenda Tabora kwa mafunzo ya reli, upande wa mawasiliano ya stesheni, akahitimu mwezi Novemba 1978. Huko Tabora ndiko alikofundishwa kugonga simu kwa nukta na mistari, yaani milio mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi, na ndiko alikokutana na Bwana Habibu, kijana wa Tanga, ambaye leo ni mzee mwenzetu na yuko hapa mbele, na urafiki wao haukuvunjwa na dini, wala uhamisho, wala kustaafu.

Marehemu aliajiriwa na shirika la reli tarehe 1 Februari 1979 kama karani wa stesheni, akaanzia Korogwe, akahamishiwa Makanya mwezi Julai 1983, kisha Same mwezi Machi 2003, alikofanya kazi hadi alipostaafu kwa mujibu wa sheria tarehe 14 Machi 2017. Miaka hiyo si yote ilikuwa ya treni, mnajua wenyewe, ulifika wakati stesheni ilikuwa na karani na haina abiria, nyasi zikaota katikati ya reli na mbuzi wa watu wakalala kwenye jukwaa, lakini yeye alivaa sare yake kila asubuhi, akafagia, akajibu simu ya stesheni, akafunga jioni.

Akiwa Makanya, tarehe 11 Mei 1985, baada ya kufanya mtihani pamoja na Habibu, alipata leseni ya serikali ya redio ya ridhaa. Naomba nieleze jambo hili kwa wasiolifahamu, kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkisema marehemu alikuwa na redio ya upepo ya jeshi, na wengine mkasema mengine ambayo sitayarudia mbele ya jeneza. Redio ya ridhaa si biashara wala upelelezi, ni mtu na mtambo wake, anakaa chini, anaita hewani bila kujua anamwita nani, na yeyote aliyeko duniani mwenye mtambo kama huo, akisikia, anaweza kuitika, wakasalimiana, wakaambiana hali ya hewa, kisha kila mmoja akamtumia mwenzake kadi kwa posta, imeandikwa jina la mahali aliposikika. Sisi ndugu zake tulimuuliza mara nyingi kwa nini asipige simu ya mkononi kama watu, na alitujibu kwa upole kwamba simu unampigia unayemjua.

Mtambo wenyewe ni sanduku tu, kinachofikisha sauti ni waya unaotundikwa juu, yaani antena, na huo waya, ndugu waombolezaji, ndio uliomsumbua marehemu maisha yake yote, maana hakuwahi kuishi mahali ambapo aliruhusiwa kuutundika apendavyo. Pale Makanya aliishi nyumba za reli, na mkuu wa stesheni wa wakati ule alikataza waya wowote usio wa shirika usionekane na wakaguzi. Abednego hakubishana, alikwenda kwenye mashamba ya mkonge akaomba mlingoti, ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge mmea ukikaribia kufa, ambao ukikauka ni mwepesi na haupitishi umeme, akautengenezea bawaba chini, ukawa unalala nyuma ya jiko mchana kutwa na kusimama jioni wakaguzi wakishaondoka, na mkuu wake akasema kwa masharti hayo yeye hajaona kitu. Kwa mlingoti ule kadi zilikuja Makanya kutoka Japani, Ajentina na visiwa ambavyo hata kwenye ramani ya shule havikuwamo, na zote zimeandikwa Makanya, kijiji cha vumbi na jasi.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bi Devotha, binti wa Kighare, Ugweno, siku ya Jumamosi tarehe 20 Desemba 1986, na tukamcheka kwamba ameacha mabinti wote wa Upare Kusini wanaosema Chasu akaenda kuoa lugha ya kujifunza upya, lakini Devotha ndiye aliyekaa naye miaka yote hii bila kulalamikia kelele za mtambo ule, na asiyeijua kelele hiyo asiseme kwamba hilo ni jambo dogo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wema, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1988, ambaye ni mwalimu Dodoma na mama wa watoto wawili, na Eliamani, aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1992.

Eliamani alifariki Makanya tarehe 30 Aprili 1998, kwa malaria iliyopanda kichwani, akiwa na miaka sita, na kaburi lake mnaliona hapo, ndilo tutakalomlaza baba yake ubavuni mwake. Baada ya msiba ule marehemu aliulaza mlingoti na hakuusimamisha tena kwa muda mrefu, kanisani alikuja, kazini alikwenda, lakini hewani hakurudi. Habibu, ambaye alikwisha kuhamia Tanga, alikuwa na miadi naye ya kila jioni, baada ya sala ya Magharibi, na aliendelea kumwita jioni zote hizo bila kujibiwa, hakutuma mtu wala hakuja kumhoji, alimwita tu na kumtakia usiku mwema, hadi jioni moja ya mwaka uliofuata Abednego alipousimamisha mlingoti na kuitika. Devotha ameniambia kwamba jioni ile ndiyo aliyojua mumewe ataishi, na tangu hapo hawakuwahi kukosa miadi ile, ila kwa safari ambazo waliagana mapema.

Mwaka 2003 walipohamia Same mjini hapakuwa na nyumba za reli za kutosha, wakapanga katika nyumba ya Bi Mwanahalima, mfanyabiashara wa nguo, ambaye naye nimemwona amepanda mlima pamoja na magoti yake mabovu, na tunamshukuru. Mwanahalima aliutazama mlingoti ulipokuwa unashushwa kwenye lori akakataa kata kata, akasema wapangaji wake hawatalala, radi ikipiga itauliziwa kwake, lakini kwa kuwa alimwona mpangaji wake amenyong'onyea alimruhusu kitu kimoja, afunge waya mpya wa kuanikia nguo uani. Abednego akafunga waya wa shaba kutoka kwenye nguzo ya choo hadi kona ya stoo, akaupitisha ndani ya bomba jembamba la plastiki ili nguo zisigusane nao, na huo ukawa waya wa nguo wa wapangaji wote na antena yake kwa miaka kumi na minne. Hapo mwanzo bomba lilikuwa na ufa mahali pamoja, na siku Mwanahalima alipoanika buibui bichi wakati marehemu anaongea na Habibu, waya ukamng'ata vidole, basi tangu siku ile hadi anahama, hata baada ya ufa kuzibwa, Mwanahalima hakuanika kitu bila kwanza kusimama mlangoni na kumtangazia Baba Wema kwamba anaanika, na Baba Wema alizima mtambo akangoja zikauke.

Waya wa chini una tabia yake, ndivyo alivyonieleza, unairusha sauti juu kama mvuke wa chungu na kuidondosha karibu, kwa hiyo Tanga aliipata vizuri kuliko hata zamani, Moshi na Dodoma pia, lakini ng'ambo haikumsikia tena. Kadi za Same alizipata chache, na hakulalamika, kwa sababu alikuwa na mpango. Mpango wa kaka yangu ulikuwa mmoja, na alinieleza tangu nikiwa ninafanya kazi zamu za wodini, kwamba akistaafu atarudi hapa Mhezi, kwenye mgongo huu wa mlima aliozaliwa, pasipo mkaguzi wala mwenye nyumba, atausimamisha mlingoti juu, ataita, na atakayeitika kutoka mbali atamtumia kadi iliyoandikwa Mhezi. Hakutaka kingine, hakutaka bati jipya wala ng'ombe wa kisasa, alitaka jina la kijiji hiki liandikwe na mkono wa mtu asiyetujua.

Alirudi mwezi Juni 2017, mlingoti wa Makanya ukiwa juu ya pikapu, umefungwa kitambaa chekundu nyuma, na mwezi Agosti ukoo ulikaa kuujadili. Ni lazima niliseme hili kwa haki, kwa sababu kaka yetu mkubwa Filipo yuko hapa na ndiye mlinzi wa mpungi, yaani msitu wa matambiko wa ukoo, huo mnaouona hapo juu ya nyumba. Ingawa sote ni watu wa kanisa, mpungi ni mpungi, na baba yetu kabla hajafa alimwapisha Filipo kwamba kisisimame kitu cha mkono wa mtu kirefu kuliko miti ya msitu ule, kwa sababu mwaka 1974 wapimaji wa ramani walisimika nguzo ya chuma hapo kwenye mwinuko, na mwaka ule vuli haikuja, na sisi tulioukumbuka mwaka ule tunaijua njaa yake. Filipo hakukataa kwa chuki, alikataa kwa kiapo, na ukoo ukamuunga mkono.

Sasa Wapare tunasifika kwa kesi, Mpare atauza ng'ombe wawili ili ashinde kesi ya mbuzi mmoja, na mimi nilimwambia Abednego aende baraza la kata, eneo ni lake, mlingoti ni wake, leseni ni ya serikali. Hakwenda. Ndiye Mpare pekee niliyepata kumwona akishindwa kesi bila kukata rufaa. Aliuweka mlingoti chini ya upenu wa jiko ili usinyeshewe, akafunga waya wa nguo kutoka pembeni mwa nyumba hadi kwenye mti wa mgrevilea ulio chini, akaendelea na miadi yake na Habibu, na kila ukoo ulipokaa alikumbushia kwa heshima. Mwaka 2019 aliambiwa asubiri wazee wafikirie. Mwaka 2021 vuli ilikosa, wakasema ni redio, ingawa hakuwa na redio ila ya waya wa nguo. Mwisho wa mwaka 2023 mvua ikazidi, ikabeba matuta na barabara ya Makanya, wakasema ni redio, ileile ya waya wa nguo. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, kaka yangu alivumilia, mbivu zikaliwa na popo.

Sitasema uongo hapa kwamba hakuumia. Jioni alikuwa anatoka nje, anasimama pale kwenye ukingo, anaitazama tambarare hadi Makanya, halafu anautazama mpungi, halafu anaingia ndani kuongea na Tanga. Alikuwa amezeeka akingoja, na kungoja kulimla kuliko kazi ya reli ilivyomla, na mimi niliyekuwa ninapita kumwona kila nilipotoka shambani nilikuwa ninarudi kwangu nimekasirika.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa mwishoni mwa mwaka 2023, akafikishwa hospitali ya wilaya Same, na tarehe 19 Februari 2024 hospitali ya rufaa mjini Moshi ilithibitisha saratani ya tezi dume ambayo tayari ilikuwa imefika kwenye mifupa. Alipata matibabu na nafuu ya miezi kadhaa, akarudi hospitali mara kwa mara, hadi mwezi Julai mwaka huu madaktari walipotushauri tumrudishe nyumbani tumtunze, nami nikahamia hapa kumsaidia Devotha. Aliomba kitanda chake kiwekwe karibu na dirisha ambapo waya unaingia, na hata mkono ulipokosa nguvu ya kushika kipaza sauti alikuwa anagonga nukta na mistari kwa kidole, na Habibu kule Tanga alikuwa anasoma kidole kile.

Jumapili tarehe 14 Septemba, baada ya ibada, kaka Filipo alikuja kumwona, nami nilikuwamo chumbani nikimpa dawa. Abednego hakuomba ruhusa tena, alimuuliza tu kaka yake kama mlingoti kule upenuni bado mkavu, na Filipo akatoka, akaenda kuupapasa, akarudi akamwambia ni mkavu, kisha akavaa kofia yake akaondoka. Jumatatu jioni marehemu alizungumza na Habibu kama kawaida, kwa kifupi, akamtakia usiku mwema, na Jumanne tarehe 16 Septemba 2025, kulipokuwa kunapambazuka, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Mnajua desturi yetu, marehemu akishatoka chumbani wanawake wa jirani hufua vyote alivyolalia siku hiyohiyo. Walikuja kwa moyo mwema, wakafua blanketi, mashuka, makoti yake ya reli na hata pazia, na kwa kuwa waya wa nguo ulikuwa hapo wakaanika vyote juu yake, vikiwa vibichi, na blanketi bichi la Upare ni mzigo wa punda. Waya ukakatika, ukalala kwenye udongo pamoja na nguo zake, wakaufunga kwa kamba ya katani wakaendelea na kazi, hakuna kati yao aliyejua kwamba waya ule ndio antena, na sisi tuliojua tulikuwa tunalia. Jioni ile Habibu alimwita baada ya Magharibi kama ilivyo ada na hakujibiwa, akapiga simu ya mjane ikawa imeisha chaji, na mtu huyu ambaye mwaka 1998 aliita bila kujibiwa na hakuja, safari hii hakungoja, alipanda basi la alfajiri akiwa na kanzu moja mkononi, akatukuta hapa Jumatano.

Bi Mwanahalima alifika siku hiyohiyo kutoka Same, na kabla hajakaa, kabla hajapewa hata maji, akaona mablanketi kwenye waya, akasimama pale uani akiwa ameshika mdomo. Ndiye aliyewaambia wanawake wayaondoe, ndiye aliyemwonyesha Habibu mahali pa mkato, kisha akamwendea kaka Filipo, mgeni na mwanamke, akamwambia mbele ya wazee kwamba yeye alimnyima Baba Wema mlingoti kwa kuogopa radi, na miaka kumi na minne radi haikupiga, na kwamba laiti angejua ni muda gani mtu yule alikuwa amebakiwa nao, angeng'oa choo ili apate mahali pa kuusimika. Alhamisi Filipo aliita ukoo, walikaa ndani mchana kutwa, na yaliyosemwa humo ni ya ukoo, lakini wanaume waliotoka walitoka wameinamisha vichwa.

Jana asubuhi, vijana walipomaliza kuchimba kaburi, Filipo aliuchukua mtaimbo uleule ungali na udongo wa kaburi, akaenda kwenye ukingo, akachimba shimo peke yake, ana miaka sabini na mitano na alikataa kupokewa, kisha akautoa mlingoti upenuni akausimika, na Habibu akaunganisha waya na kuutundika. Hiyo nguzo mliyoikuta hapo mnaingia, ambayo wengi mmedhani ni ya turubai au ya kipaza sauti cha kanisa, ndiyo hiyo. Imepita miti ya mpungi. Vuli iko mlangoni, na ikikosa, naomba mtu asinyooshe kidole kwa kaburi hili wala kwa Filipo, aje kwangu mimi Leticia, ninakaa njia panda ya zahanati.

Leo kulipokuwa kunapambazuka Habibu alikaa kwenye kiti cha marehemu, akaita kwa jina lake mwenyewe na leseni yake mwenyewe, akisema anaita kutoka Mhezi, milima ya Upare. Aliita kitambo, tukadhani haitawezekana, ndipo akaitika mzee mmoja wa Norwei, sauti ikienda ikirudi, akauliza hapo ni wapi, akaomba asomewe jina herufi moja moja, na Habibu akamtajia, M, H, E, Z, I, na yule mzee akairudia yote sawasawa. Kaka Filipo alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia, na aliposikia Mhezi inatamkwa na mtu wa mbali namna ile alikaa chini kwenye kizingiti, na Devotha ndiye aliyemshika mkono akamwingiza ndani akampa chai. Majuto ni mjukuu, na nyumba hii imejaa wajukuu. Habibu alimwomba mzee yule aandike kadi kwa jina la Abednego Kajiru, naye ameahidi, kwa hiyo kadi ya Mhezi itafika sanduku la posta la Same, labda Desemba, labda mwakani, na mwenye kuipokea tunamzika leo.

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja, wajukuu wawili, kaka mmoja na dada mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Same na Moshi waliomhudumia bila kuchoka, na wenzangu wa zahanati yetu waliokuwa wakija na dawa ya maumivu hata njia ilipoteleza, inawashukuru majirani wote wa Mhezi, na kwa namna ya pekee wanawake waliofua, msijilaumu, mlifanya alivyostahili kufanyiwa, inawashukuru wastaafu wa reli waliokuja wamevaa sare zao za zamani, Bi Mwanahalima na watu wa Same, wakwe zetu wa Kighare, Baba Mchungaji na usharika, na Bwana Habibu, ambaye hatuna neno la kumpa. Jioni ya leo, baada ya Magharibi, Habibu ataliita jina la hewani la marehemu, lile la leseni yake, mara tatu, ndivyo wafanyavyo watu wa redio ya ridhaa mwenzao anapoondoka, kisha atanyamaza na kuzima mtambo. Mkisikia, naomba asiitike mtu.

Abednego, mwana wa Eliesikia, Baba Wema, kaka yangu, pumzika kwa amani, waya uko juu.